Manyoya Saba ya Ngaali

Jumanne, tarehe 4 Aprili 1995. Mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka saa nne, ikaacha, jua likatoka kali la kuunguza mgongo, na mlima Wanale ukawa unafuka ukungu kama chungu kilichofunuliwa.

Hivyo ndivyo nilivyoandika siku ile kwenye kitabu changu cha mazoezi, na chini yake mstari mmoja tu: "Baba watoto ameleta ndege." Nilikuwa na desturi ya kuandika kila siku, hali ya hewa kwanza, halafu mambo yaliyotokea, mistari miwili mitatu. Niliishia darasa la sita, na niliogopa kwamba nisipoandika nitasahau kuandika. Kitabu hicho ninacho bado. Nitakifuata ninaposimulia, isipokuwa mahali pamoja ambapo kinasema uongo. Nikifika hapo nitasema.

Mume wangu alikuwa askari jela kwenye gereza dogo la shamba, nje ya mji wa Mbale, upande wa mashamba ya mpunga yanayoteremka kutoka Namatala. Yeye ni Mteso, mimi ni Mgisu wa chini ya Wanale, na nyumbani tulisema Kiswahili cha kambini kwa sababu hakuna kati yetu aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake. Mama yangu hakukipenda. Alisema ni lugha ya watu wanaogonga mlango kwa kitako cha bunduki, na alipotutembelea alijibu kwa Kigisu hata salamu za wajukuu. Simlaumu. Aliyaona aliyoyaona.

Siku ile mume wangu alirudi mapema, na nyuma yake alitembea mfungwa mmoja wa gangi ya nje, mtu mzima mwenye mvi, amekumbatia koti la mvua kama aliyebeba mtoto mgonjwa. Kwenye kola ya koti kilichomoza kichwa: mashavu meupe, kidevu chekundu, na juu lile taji la nywele ngumu za rangi ya dhahabu, limelowa, limelalia upande mmoja. Alikuwa ngaali, korongo wa bendera yetu. Kwenye bendera anasimama ameinua mguu mmoja. Mguu ambao huyu alikuwa ameuinua ulivimba kama ndizi, na waya ulikuwa umezama ndani ya nyama.

Wakulima wa mpunga hutega nyaya kando ya maji. Sisemi ni watu wabaya. Ngaali thelathini wakishuka kwenye mbegu iliyomwagwa asubuhi, jioni hakuna mbegu, na mwenye shamba naye ana watoto. Gangi ilikuwa ikikata majani huko ndipo ikamkuta. Yule mzee alimfunga mabawa kwa kamba za mgomba ili asijipige njiani.

"Mama, kaa mbali na mdomo," aliniambia. "Hii ndege inatafuta macho."

Mume wangu alikata waya kwa koleo. Nilimwosha ndege kidonda kwa maji ya chumvi, nikampaka ile dawa ya zambarau ya vidonda, nikamweka kwenye banda la kuku. Kuku wetu wote walikuwa wamekufa kwa kideri mwezi wa pili, banda lilikuwa tupu. Mume wangu alisema hafiki Alhamisi. Nami niliona hivyo hivyo.

Siku tatu hakula kitu. Nilimpa posho, ugali wetu wa kambini, akaitazama kama kitu kilichotemwa. Siku ya nne gangi ilipopita kuchota maji kwenye bomba la kambini, yule mzee alisimama akauliza habari zake, nikamweleza. Akacheka kwa pua. "Posho ni ya sisi wafungwa, mama. Hii ilikuwa nje. Tafutia yeye panzi."

Nilitafuta panzi. Nilikaa kwenye majani mabichi mlangoni pa banda, sketi imelowa, panzi mmoja kiganjani, nikiogopa hata kupumua. Alinitazama kwa jicho moja, halafu kwa jingine. Kisha mdomo ukaja, na sikuhisi kitu, ila kiganja kikawa kitupu. Kwenye kitabu niliandika neno moja: "Amekula."

Sitaki kuonekana kama mtu mwenye moyo wa pekee. Nilikuwa na nafasi tu. Watoto watatu walikuwa shuleni mpaka saa kumi, mume kazini, na maisha ya mke wa askari kambini ni kufagia mahali palipofagiwa. Ngaali aliupa mchana wangu kazi. Asubuhi panzi kabla jua halijawaamsha sana, saa nne kidonda, mchana karanga mbichi, jioni kumwagia maji kwenye karai ili asimame ndani. Mwisho wa mwezi alikuwa anakanyaga kwa miguu yote miwili. Nilipofagia alinifuata nyuma akipigapiga miguu chini, tap tap, kama askari anayejifunza kwata, ili wadudu watoke, na kila aliyetoka alikuwa wake. Akishiba alitoa mngurumo mdogo wa kooni. Mara moja alivuta kilemba changu mpaka kikafunguka, akarudi nyuma hatua mbili, akainama, na mimi, mtu mzima, nikainama pia. Nilitazama huku na huku kuona kama jirani ameniona.

Na kulikuwa na sifa. Hili lazima niliseme, maana lina sehemu yake katika yaliyofuata. Mkuu wa gereza, tuliyemwita Osii, alikuja na mkewe kumtazama. Wanawake wa kambini ambao zamani hawakunisemesha walianza kupita mlangoni kwangu na kukaa. Askari walimtania mume wangu kwamba amekamata serikali nzima akaifungia kwenye banda la kuku, na kwamba siku moja wakubwa watakuja kudai karatasi ya mahakama. Mume wangu alifurahi. Ni mtu mkimya, na kwa utani ule alipata njia ya kukaa na wenzake.

Wiki ya nne mwenzake alikuja. Ulikuwepo mkalitusi mrefu nyuma ya nyumba za askari, na asubuhi moja juu yake alitua ngaali mwingine, akaita. Sauti yake ni kama tarumbeta ya bati. Wangu aliitikia kutoka bandani kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Kuanzia hapo yule wa juu alikuja karibu kila siku.

Nilimwuliza mzee kama wa kwangu ni dume au jike.

"Wenyewe wanajua, mama," alisema. Aliweka chini mtungi wake wa plastiki akatazama mtini. Alizaliwa ukingoni mwa bwawa, aliniambia, na babake alijua kila kiota. "Hii mbili ni ya nyumba moja. Ile ya juu haiendi kutafuta ingine. Itangoja."

"Itangoja mpaka lini?"

"Mpaka hii ipande."

Niliandika maneno hayo. Kesi yake sikuuliza. Nilikuwa nikimpa chumvi kidogo kwenye karatasi, naye aliikunja kwenye pindo la kaptura yake. Hatukuwa marafiki, sitaki kutia chumvi zaidi ya hiyo niliyompa. Tulikuwa watu wawili tuliojua habari za ndege mmoja.

Sasa nafika pale.

Jumatano, tarehe 17 Mei. Mawingu, upepo kutoka Wanale. Yule wa mkalitusi aliita. Wangu alikuwa uani, akakimbia hatua tano sita, akafungua mabawa, na miguu ikaachana na ardhi. Alipanda mpaka usawa wa kamba ya nguo, akapita juu ya mashuka yangu, akashuka upande wa pili, akasimama akitikisa mabawa kama aliyejishangaa.

Ilinipasa nifurahi. Nilikuwa nimemwosha kidonda siku arobaini na kitu kwa ajili ya jambo hilo hilo. Badala yake nilikuwa kama mtu aliyeona kwa mbali mpanda baiskeli anayeleta habari ya msiba. Niliingia ndani nikachukua mkasi wa kushonea. Nilimwita kwa ulimi, kama alivyozoea. Akaja. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi ya yote, kwamba aliitwa akaja.

Nilimkata manyoya saba ya bawa la kulia, yale marefu ya kurukia. Niliyakata ndani, karibu na mzizi, chini ya yale mafupi yanayofunika, ili bawa likikunjwa lisionyeshe kitu. Hakuumia. Ni kama kukata kucha. Nilijiambia kwamba mbwa wa kambi watamkamata akitua vibaya, kwamba mguu haujapona sawasawa, kwamba mvua bado ni nyingi. Kila neno lilikuwa na ukweli ndani yake. Mbwa walikuwepo kweli. Lakini mtu anayeogopa mbwa hafichi mahali alipokata.

Manyoya niliyachoma jikoni. Yalinuka vibaya, na watoto walipouliza nikasema nimeunguza kitambaa. Kwenye kitabu niliandika: "Mawingu. Ngaali amejaribu kuruka, bawa bado bovu." Huo ndio uongo niliousema mwanzo. Mtu akimdanganya mumewe, jambo hilo lina jina. Kukidanganya kitabu chako mwenyewe, ambacho hakuna mwingine anayekisoma, sijui kunaitwaje.

Siku za kwanza za mwezi wa sita Osii alisema ndege sasa amenenepa, aachiliwe, na iwe Jumamosi jioni ili watu wote waone. Ningeweza kusema jambo hapo. Nilisema mguu bado. Mume wangu akanijibu kwamba mguu unakimbia kuliko wa kwake. Jumamosi hiyo watu wakasimama kuzunguka uwanja wa kwata, wanawake na watoto na askari waliotoka zamu, na gangi ya nje iliyokuwa inarudi ikasimamishwa mstarini nao watazame. Mume wangu alimbeba ngaali mpaka katikati, akamweka chini, akarudi nyuma. Alikuwa amevaa shati safi.

Ndege alikimbia, akafungua mabawa, akaruka, akalala upande wa kulia hewani na kuanguka kifua chini. Akasimama. Akakimbia tena, akaanguka tena upande ule ule. Mara ya tatu watoto walikuwa wanacheka, na askari mmoja akasema, "Serikali imeanguka," hapo wakacheka wote, hata Osii. Juu ya mkalitusi mwenzake alikuwa anaita.

Mume wangu hakucheka. Alimwita yule mzee atoke mstarini.

"Ni wewe ulifunga hii mabawa siku ile?"

"Ndiyo, afande."

"Ulifunga na nini?"

"Kamba ya ndizi, afande."

"Ulifunga mpaka ukaua mshipa."

Mzee alimtazama ndege, aliyekuwa amesimama na bawa moja limeachia kidogo. Kisha akanitazama mimi. Haikuzidi pumzi moja. "Pengine ni kamba, afande," alisema.

Jumatatu hakutoka na gangi ya nje. Aliwekwa ndani. Niwe mwadilifu kwa mume wangu: hakumpiga, na wapo wenzake ambao wangempiga. Hata sina uhakika kwamba kamba ndiyo ilikuwa sababu peke yake, huenda kulikuwa na mambo mengine ya kazi nisiyoyajua. Lakini najua tofauti ya nje na ndani, kila mke wa askari jela anaijua. Nje kuna jua, kuna mihogo iliyosahaulika ardhini, kuna barabara ambapo ndugu wa mtu hupita kama kwa bahati akamsalimu. Ndani kuna ukuta na kikohozi cha wenzako.

Nilikaa na jambo hilo siku kumi na tano. Nimezihesabu kwenye kitabu. Kila siku nimeandika hali ya hewa na neno moja juu ya ndege, na juu ya mzee sikuandika lolote. Gangi ilipopita bombani nilihesabu vichwa, nikarudi ndani.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba furaha haikukoma. Nilidhani dhambi ingeifuta. Ngaali alikuja kiganjani kama kawaida, alivuta kilemba, alinguruma kooni, na mimi nilifurahi kama kawaida, halafu nilikumbuka. Wanawake waliendelea kuniambia nina mkono wa huruma. Mmoja alileta kinda la tai ngwilizi lililovunjika bawa, nilitunze. Lilikufa siku ya pili, na akaniambia nisijilaumu, kwa ndege mimi ni kama mama. Nilimshukuru.

Jumapili, tarehe 18 Juni. Mvua ya mchana, ya kimya. Tulikuwa tumetoka kanisani. Watoto walikuwa kwa jirani. Mume wangu aliketi barazani akipaka buti rangi, nami nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la maharage ambayo nilikwisha kuyachambua mara mbili.

"Baba watoto," nilisema, "lile bawa si kamba."

Hakuinua kichwa. "Ni nini?"

"Ni mkasi."

Brashi iliendelea kidogo kisha ikasimama. "Mkasi wa nani?"

"Wangu."

Aliweka buti chini, akalinganisha mawili kama yanavyolinganishwa siku ya ukaguzi. Akasema nimwonyeshe. Tulikwenda bandani kwenye mvua ile. Nilimwita ngaali kwa ulimi, akaja, nikafungua bawa. Mume wangu aligusa vile visiki kwa kidole gumba, kimoja kimoja, mpaka cha saba.

"Kwa nini?"

"Sikutaka aende."

Aliondoa kidole kwenye bawa. "Ungeniambia hutaki aende, mama watoto. Ningemwambia Osii mguu umerudi kuvimba, tukakaa naye. Ningesema uongo kwa ajili yako." Akafunga mlango wa banda. "Lakini yule mzee. Nimemfunga mtu aliyekwisha kufungwa."

Jumatano mzee alitoka tena na gangi ya nje. Mume wangu alimwambia nyapara kwamba kwenye mtaro waliokuwa wanachimba panahitajika mtu anayeijua ardhi ya bwawa. Kwa mzee mwenyewe hakusema kitu. Kwa muda nilimfikiria vibaya kwa hilo. Baadaye niliona pengine aliniachia mimi, kwa kuwa lilikuwa langu, au pengine askari mwenye sare hajui mlango wa kupitia kumwomba mfungwa msamaha. Sijawahi kumwuliza ni lipi kati ya hayo.

Nilimngoja bombani. Wengine walikuwa mbele.

"Mzee, yule ndege nilimkata mimi."

"Najua, mama." Maji yalikuwa yanaingia mtungini na alikuwa anayatazama. "Kamba ikiharibu, inaharibu pande mbili. Ile ilianguka kwa moja."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema kwa nani?"

Hakulisema kwa uchungu. Alifunga bomba. Nilimwambia nimekosa, anisamehe. Alijibu, "Haya." Nimeligeuza neno hilo miaka mingi, sijui hata leo kama alisamehe au alitaka tu kuondoka kabla nyapara hajamwita. Alipokwisha kuinua mtungi akauliza kama mizizi ya manyoya imebaki ndani. Nilisema imebaki. Akasema ikibaki itakaa mpaka ndege aiangushe mwenyewe, labda mwaka, labda zaidi. Iking'olewa, ngozi italeta mengine kabla ya mpunga kuvunwa.

"Lakini itauma sana," alisema. "Na hii ndege haisahau mtu."

Tulifanya jioni ile ile, jua bado liko. Mume wangu alimfunika kichwa kwa lile koti la mvua na kumkumbatia kati ya magoti. Nilitumia koleo. Kisiki cha kwanza kilikataa, kikatoka na tone la damu na sauti ndogo, kama kung'oa jani la mahindi. Ngaali alilia kwa cha kwanza na cha pili. Kuanzia cha tatu alinyamaza, akawa anatetemeka tu, na hapo mume wangu akageuza uso. Nilimaliza saba. Nilipaka dawa ya zambarau. Tulipomwachia alikimbia mpaka kona ya mbali, na nilipomwita kwa ulimi aliinua mdomo wake usawa wa macho yangu.

Hakuja tena kiganjani. Si siku ile, si wiki iliyofuata, si kamwe. Panzi ilibidi niwarushe nikaondoka ndipo ale. Watoto aliwafuata kama zamani, mume wangu alimkubali ingawa yeye ndiye aliyemshika, lakini mimi nikiingia uani alikwenda upande ambao sipo. Nilikuwa nimetegemea, bila kujiambia waziwazi, kwamba angeelewa nia. Sijui kwa nini mtu hutegemea kitu kama hicho kutoka kwa ndege.

Katikati ya mwezi wa saba, nikichungulia kati ya mbao za banda, niliona ncha saba za rangi ya buluu, nene kama kalamu za wino, zimetoka kwenye ngozi. Nilihesabu tena. Kila asubuhi nilikwenda kuchungulia kabla ya kuwasha moto, na kila asubuhi zilikuwa zimeongezeka upana wa kucha. Zilifunguka moja baada ya nyingine. Nilifurahi peke yangu nyuma ya mbao zile, bila kuonwa na yeyote, na nilirudi jikoni nikiwa mwepesi. Nadhani ile ilikuwa furaha safi kuliko za kwanza, ingawa ninapoandika hivi naona tena najipa sifa.

Ila yule wa mkalitusi alikuwa ameacha kuja kila siku. Alikuja mara mbili kwa wiki, halafu mara moja. Mwanzoni mwa mwezi wa nane ikaja barua ya uhamisho. Mume wangu alitakiwa Jinja, na nyumba ilitakiwa na askari mwingine.

Kumpeleka ngaali Jinja kungekuwa kumtenga kabisa na bwawa lake. Kumwachilia siku ile, na manyoya nusu, kungekuwa kumpa mbwa. Tulikubaliana mume wangu atangulie kwa lori na watoto na vitanda, mpaka mtaa wa Walukuba, Jinja, tulikopata nyumba ya kupanga. Mimi nikamchukua ndege kwa mama yangu chini ya Wanale. Niliona mume wangu hakupenda, na alikuwa na haki. Alinibebea hata hivyo karai la ndege mpaka kwa mama.

Mama alimtazama mgeni wake. "Umeacha mume kwa ajili ya ndege wa serikali," alisema kwa Kigisu.

"Ni wiki mbili tu, mama."

"Walisema hivyo pia walipochukua ng'ombe wa baba yako." Kisha akaenda kumchimbia mchwa mwenyewe, na siku ya tatu ngaali alikuwa anakula mkononi mwake. Mama hakujua kwamba hilo lilinichoma. Au alijua.

Jumamosi, tarehe 26 Agosti. Asubuhi kavu, mawingu membamba, upepo kidogo. Nilimkodi mwenye baiskeli wa boda, nikakaa nyuma na ngaali kwenye koti, kichwa chake nje, shingo yake imegeukia upande usio wangu. Tulipita mjini na kuteremka Namatala. Watu walisimama kazi zao. Mwanamke mmoja muuza mkaa aliuliza kama kuku wa Krismasi amenunuliwa mapema mwaka huu, na mwenye baiskeli akamjibu kwamba huyu ndiye mwenye nchi, asimame wima amsalimu. Walicheka mpaka tukapita. Nami nilicheka.

Kwenye ukingo wa mpunga nilifungua koti nikarudi nyuma mbali, kwa kuwa nilijua hatafanya lolote nikiwa karibu. Alisimama. Alijitikisa. Alitembea kando ya maji akipigapiga miguu, akala, kama ana siku nzima. Mwenye baiskeli alichoka kungoja akaenda zake. Ikapita labda nusu saa. Halafu bila kuitwa na yeyote alikimbia, akafungua mabawa, akapanda. Upande wa kulia uliinama kidogo. Nilishika kilemba changu kwa mikono miwili. Ukanyooka. Alipita juu ya mpunga, chini chini, miguu nyuma, mpaka kwenye mafunjo ya ng'ambo ambako walikuwepo ngaali wengine watano au sita, akatua, na toka hapo sikuweza kusema yupi ni yupi.

Ningependa kuandika kwamba mwenzake alikuwepo. Niliona wawili wakisimama kando ya wengine. Lakini ngaali karibu wote hutembea wawili wawili, kwa hiyo hilo si ushahidi. Nilikaa nikiwatazama mpaka jua lilipokuwa kali.

Nikarudi kupitia gerezani. Gangi haikuwa nje, ilikuwa siku ya kufua. Nilimwambia askari wa getini, kijana aliyenijua, amwambie yule mzee kwamba ndege amepanda na hakuanguka upande wowote. Alisema atamwambia. Alikuwa anatabasamu, huenda alidhani ni mzaha wa kambini, na sijui kama ujumbe ulifika. Ningeweza kuomba mzee aitwe. Ningesema nimekuja kuaga, Osii asingekataa. Niliogopa kusikia "haya" mara ya pili, nikachukua kapu langu, nikapanda gari la Jinja.

Nilifika Walukuba saa kumi na moja jioni. Vitanda vilikuwa bado vimesimamishwa ukutani. Mume wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya sigiri uani, moshi machoni, akisonga, na watoto walikuwa wanamcheka.

"Amepanda?" aliuliza.

"Amepanda."

"Na mzee umemwona?"

"Sikumwona."

Alitikisa kichwa polepole, akaendelea kusonga. Tulikula posho aliyoipika yeye, imeungua chini, na mukene, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga na nyanya mbili, sote kwenye sinia moja sakafuni, kwa sababu vyombo vingine vilikuwa bado kwenye gunia.